Mguu wa Sedekia

Watu wa Mbeya wana ugonjwa mmoja, wa kumsifu mtu yeyote aliyevaa buti. Sedekia alivaa buti, basi ikatosha. Akipita sokoni utasikia, "Yule ndiye mjaribu magari," na wanaume wazima na ndevu zao wanampisha kama anapita askofu. Mimi Rozalia, Mhehe wa Tosamaganga, niliolewa Mbeya, na nilikuwa nikiwapikia mafundi wa gereji alimofanya kazi. Nilimwona kila siku ya Mungu akila ugali wangu na kuutoa kasoro. Nawaambieni, sijapata kuona mtu mtupu aliyevikwa nguo nzuri kama yule.

Kwao ni Rungwe, migombani kwa Wanyakyusa. Wakati wa vita vya Hitla alichukuliwa akaendeshe lori la nyama za makopo huko Bama, ng'ambo ya bahari, akarudi na buti, koti la mifuko minne, na maneno mawili: kule Bama. Chai ikipoa, kule Bama chai haipoi. Mvua ikinyesha mpaka bati linataka kung'oka, kule Bama mvua kama hiyo wanaiita umande. Siku moja nikamuuliza, "Bwana Sedekia, na kule Bama hapakuwa na mtu wa kukuambia unyamaze?" Mafundi walicheka hadi ugali ukawapalia. Yeye akasema wanawake wa Kihehe hawana adabu. Sawa, hatuna. Tunapika tu, mnakula.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kampuni ile ya mabasi, ambayo ilishakufa na jina lake silitaji, ilikuwa na utaratibu kwamba gari jipya halipakii abiria mpaka lijaribiwe kwenye mlima wa barabara ya Chunya. Unalipakia uzito wa abiria, unalipandisha hadi katikati ya mlima, unasimama. Unazima injini. Unavuta breki ya mkono, kisha unaondoa mguu kwenye breki ya chini, unangoja. Likitulia, linafaa. Likirudi nyuma hata shibiri moja, linapelekwa gereji likatengenezwe. Na wa kusema linafaa au halifai alikuwa mmoja tu, huyo huyo Sedekia.

Tangu apewe kazi ile hakuna gari alilosema halifai. Yote yalifaa! Bwana Meneja alimpenda kwa hilo, maana Bwana Meneja naye alikuwa Mzungu wa haraka, anataka kusikia ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Wawili hao walielewana kama pua na kamasi.

Mwaka wa hamsini na tano likaletwa basi la dizeli. Sisi tulizoea malori ya petroli yenye mabenchi ya mbao. Unapanda Mbeya, vumbi la Chimala linakuingia masikioni, unashuka Iringa makalio huyasikii tena. Hili jipya lilikuwa la bluu, lina viti vya ngozi, madirisha ya kufungua na kufunga, na juu ya kichwa cha dereva kioo kirefu, eti dereva aone abiria wake wanafanya nini huko nyuma. Kioo kile kilitutia wazimu. Hata mpishi mwenzangu alipanda kwenda kutazama meno yake.

Safari ya kwanza ya Iringa ilipangwa Jumatatu. Mkuu wa Wilaya angekuja kukata utepe, na Sedekia aliahidiwa kwamba basi likitoka siku hiyo, yeye ndiye dereva wake, na atashonewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba na kofia yenye ukingo mweusi. Basi tena! Fundi cherehani alishampima. Kila akila chakula changu alijishika kifuani, pale vifungo vitakapokaa. Mtu ana mke, ana watoto, ana mjukuu, na usingizi unamruka kwa ajili ya vifungo.

Sasa nimtaje Tusajigwe. Huyu alikuwa mke wa Abrahamu, mtoto mkubwa wa Sedekia. Abrahamu alipata kazi ya useremala Iringa, akatangulia, akamwacha mkewe mjamzito kwa wazazi wake mpaka atakapopata nyumba. Nyumba ikapatikana, mtoto akazaliwa, mtoto akaota meno, na Tusajigwe bado yuko Mbeya. Malori yalimshinda. Alijaribu mara moja na mtoto mgongoni, vumbi likamkaba mtoto pumzi, wakashuka Mbalizi si Mbalizi, sijui wapi, wakarudi kwa miguu.

Hapana, nimekosea, Mbalizi ni upande mwingine. Walishuka njia ya Chimala. Haidhuru. Walirudi.

Na maisha aliyoishi pale kwa mkwewe yalikuwa ya kujibanza. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawaketi chumba kimoja, mwanamke hataji jina la mzee, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeacha njia, anaingia majanini, anageuza uso mpaka mzee apite. Sicheki mila ya mtu. Kwetu Iringa nako mkwe ni mkwe. Ninayemcheka ni Sedekia, kwa kuwa pale gereji, mbele ya mafundi, alijitia kusema, "Mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya porini. Mtu aliyevuka bahari hana hayo." Nyumbani je? Nyumbani alikohoa toka mbali ili yule binti apate muda wa kukimbia, na asipokimbia upesi mzee anasimama barazani amenuna, hali chakula. Tusajigwe alizunguka nyuma ya migomba kwenda kuchota maji. Alizunguka nyuma ya migomba kwenda kanisani. Nadhani aliijua ile migomba mmoja mmoja.

Jaribio la kwanza la basi lilifanywa kwa magunia ya mchanga, kama desturi. Sedekia alirudi ameinua mabega. "Linafaa! Limesimama mlimani kama kanisa." Lakini mchanga ulikuwa wa mtoni, mbichi, ukachafua viti. Bwana Meneja alipoingia akaona madoa, alipiga kelele zikafika sokoni: "Hapana taka muchanga! Kiti mupya hii! Toa muchanga yote!" Na alitaka jaribio la pili, mwenyewe akiwa amesimama kule juu ya mlima anatazama, ndipo aidhinishe Jumatatu.

Sedekia akapata akili. Akasema, "Bwana, tupakie watu. Watu ni wakavu."

Hebu fikirini. Gari halijathibitishwa, breki haijulikani, na mchanga unaondolewa usiumize viti, wanawekwa watu. Na Bwana Meneja alifurahi! Alimpiga Sedekia begani. Tangazo likatoka kwamba atakayekubali kuwa mzigo siku ya Jumamosi, Jumatatu atapanda bure mpaka Iringa.

Mbona tulijaa! Tulipimwa kwenye mizani ya pareto, ile ya kuning'inia, mtu anakalia ubao kama kuku anayeuzwa. Sedekia alisimama pembeni na fimbo, anachagua. Wembamba anawafukuza. "Wewe nenda ukale kwanza." Mwalimu mmoja wa Sande skuli alirudishwa kwa wembamba, akaenda akajaza mawe mifukoni, akarudi, akakubaliwa. Mimi nilipopanda, mizani ikalia. Sedekia akatangaza kwa sauti, "Huyu peke yake ni magunia mawili, mkalisheni mbele." Watu wakacheka. Nikamwambia, "Cheka, baba. Ni ugali ule ule unaokula wewe, tofauti ni kwamba kwangu unakaa."

Nilikuwa nataka kwenda kumwona mama yangu Tosamaganga, ndiyo maana nilivumilia upuuzi ule.

Tusajigwe alinifuata nyuma ya jiko langu, mtoto mgongoni, kanga mpaka kwenye nyusi. Alikuwa binti wa sauti ndogo.

"Mama Yohane, nataka nipande na mimi."

"Mwanangu, dereva si ni yule mkweo?"

"Dereva hatazami nyuma. Kwenye malori kuna ubao katikati, hawaonani."

"Hili halina ubao."

"Tutundike kanga. Wewe utakaa mbele, mimi nyuma yako, kanga katikati. Jumatatu tena hivyo hivyo." Akanishika mkono. "Abrahamu hajamwona mtoto. Mtoto anaanza kusema baba kwa kila mwanamume anayepita."

Basi ningekataaje? Jumamosi tukamwingiza kwa mlango wa nyuma, wanawake watatu wamemziba, yeye katikati kainama. Akakaa kiti cha nyuma yangu. Nikafunga kanga yangu huku na huku kwenye vyuma vya viti, ikawa pazia. Sedekia alikuja baadaye, akapanda kwa mlango wake wa dereva, hakusalimia mtu. Mzigo hausalimiwi.

Tukaondoka. Bwana Meneja alishatangulia na Landrova yake kungoja juu ya mlima. Kulikuwa na baridi ile ya Mbeya ya kuuma masikio, mawingu yamekaa juu ya mashamba ya pareto, na barabara ina makorongo kama mbavu za mbwa. Basi likanguruma, likapanda. Watu waliimba. Ndiyo, waliimba! Wameitwa mzigo, wamepimwa kama kuku, na bado wanamwimbia dereva. Watu wengine hata dharau hujui pa kuiweka.

Katikati ya mlima, mahali ambapo upande mmoja ni ukuta wa udongo uliochongwa na upande wa pili ni bonde hadi huko chini unakoona paa za nyumba kama sahani, Sedekia alisimamisha basi. Akazima injini. Akavuta breki ya mkono, ikatoa sauti, krr. Nilikuwa nyuma yake kabisa, naona kila kitu. Naona buti lake la kulia limekanyaga breki ya chini, limekanyaga haswa, na goti linatetemeka kwa nguvu.

Nimewalisha mafundi miaka mingi. Jambo hilo moja nalijua, kwamba mguu unaondolewa.

"Bwana Sedekia," nikasema, "mbona mguu haujatoka?"

"Nyamaza, mama. Hii si chungu cha maharage."

"Si chungu cha maharage, lakini mguu wako bado upo."

"Nimesema nyamaza!" Akainua macho juu ili anikemee vizuri kwa kutumia kile kioo chake.

Na mimi sikuwamo kwenye kioo, kilipita juu ya kichwa changu kutazama wa nyuma. Mitikisiko ya njiani ilikuwa imelegeza fundo la kanga, na pazia langu limeanguka lote begani kwangu, wala sikujua. Kwenye kioo alikuwamo Tusajigwe. Uso mtupu, macho wazi, mtoto mapajani. Naye Tusajigwe alikuwa ameinua kichwa kutazama kwa nini tumesimama. Wakatazamana.

Binti angekimbilia wapi? Amebanwa huku na huku na watu wanene waliochaguliwa kwa unene wao. Alitoa sauti ndogo, akafunika uso kwa mikono miwili. Lakini Sedekia! Yule wa Bama, aliyevuka bahari, asiye na mambo ya porini! Alisema "Maye!", akafungua mlango wake, akaruka. Aliruka kama mtu aliyekalia siafu. Tukabaki ndani ya basi juu ya mlima bila dereva.

Na lile buti likawa limeondoka kwenye breki.

Kwanza nilidhani mlima ndio unaosogea. Kisha mtu akapiga yowe, na wote tukapiga. Basi lilirudi nyuma polepole, halafu si polepole. Usukani unajizungukia peke yake. Nilimwomba Mama Maria na nikamtukana Sedekia katika pumzi moja, na sijui lipi lilifika kwanza. Basi likageuza mgongo wake, na kwa bahati tu likaugeuzia upande wa ukuta wa udongo, si upande wa bonde. Likajigonga pale, puu, likakaa. Vioo viwili vikavunjika. Watu walilaliana, mwalimu wa Sande skuli akaumizwa na mawe yake mwenyewe. Lakini hakuna aliyekufa. Tulitoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wanaume wakawahi kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Tusajigwe alitoka wa mwisho. Mtoto wake alikuwa anacheka, alidhani ni mchezo.

Bwana Meneja, ambaye kwa mbali kule aliona basi tu wala si aliyeruka, akashuka na Landrova mbio. "Nini hii? Nani nagonga basi yangu?"

Sedekia alishajikung'uta vumbi. Hapo ndipo nilipomjua mtu huyu mpaka mwisho. Hakusema, Bwana, nimeteleza. Hakusema, Bwana, nilishtuka. Alinyoosha kidole gumba nyuma ya bega lake bila kugeuka, kumwelekea Tusajigwe, akasema, "Bwana, ni yule mwanamke mwenye mtoto. Alikuja mbele akashika breki ya mkono, akaifungua. Washamba hawa, hawajapata kuona gari."

Mnaelewa alichofanya? Tulikuwa watu wa kujaza basi. Alimchagua mmoja ambaye kwa mila hawezi kumjibu. Hawezi kumtazama, hawezi kumwita jina, hawezi kufungua mdomo mbele yake. Hasira ilinipanda nikasikia masikio yanalia.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Mwongo mkubwa! Hakuna aliyeshika kitu! Alikuwa amekanyaga breki ya chini, mimi nimemwona, na alipotoa mguu ndipo gari likaenda!"

Bwana Meneja akanipungia mkono kama anafukuza nzi. "Wewe mama ya jikoni, nyamaza." Akamgeukia Sedekia. "Breki mzuri?"

"Nzuri, Bwana. Breki ya mkono inashika kabisa. Jumatatu linakwenda."

"Mzuri." Alicheka hata. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokolewa na gharama. Akatuambia Jumatatu wote tuje, viti vyetu vipo, hata yule wa mtoto aje, ila akae nyuma asishike kitu.

Watu wakaanza kushukuru. Walishukuru, mbele ya macho yangu, na vumbi la ajali bado liko kwenye nywele zao. Nikamtazama Tusajigwe. Alichohitaji ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuzoea. Jumatatu angepanda, jioni angekuwa kwa mumewe. Na kama lile basi lingerudi nyuma mahali pengine, kwenye mlima mwingine, labda asingekuwamo. Watu wengi wangehesabu hivyo na wangelala usingizi.

Aliitoa kanga kichwani. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. Akatembea, si kwa kuinama, akapita mbele ya Sedekia karibu kabisa, Wanyakyusa wote wakashika midomo. Akapanda lile basi lililoegemea ukuta. Akaenda akaketi kiti changu, kile cha nyuma ya dereva. Akamtoa mtoto mgongoni akampakata, akafungua dirisha.

"Baba," akasema.

Sedekia akatazama chini.

"Baba, nitazame."

Mwanamke mmoja karibu yangu akaanza kulia, eti kwa hofu ya laana. Nikamwambia anyamaze.

"Baba, panda," Tusajigwe akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, ila wote tuliisikia. "Lisogeze mpaka pale katikati ya barabara lilipokuwa. Uvute breki ya mkono, halafu ushuke, utembee mpaka alipo Bwana Meneja. Mimi na mjukuu wako tutabaki humu ndani, na sitaweka mkono wangu popote. Likitulia, basi ni mimi niliyeshika, na nitamwambia Bwana Meneja hivyo mwenyewe."

Bwana Meneja hakufuata maneno. "Nasema nini?"

"Anasema jaribu tena," nikamjibu mimi mama ya jikoni.

"Mzuri! Jaribu tena. Upesi." Akatazama saa yake.

Sedekia akaenda mpaka mlangoni pa dereva. Akaweka buti moja kwenye ngazi. Niliomba asipande, na wakati huo huo nilitaka nione kama mtu anaweza kuwa mbaya kiasi hicho. Akasimama hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini, mkono kwenye mlango. Mtoto akamwona. Alimjua babu yake, babu ndiye aliyekuwa akimbeba jioni mama yake akiwa amejificha migombani. Akamnyooshea mikono yote miwili kupitia pale juu ya kiti cha dereva, ili amchukue.

Sedekia aliondoa mguu kwenye ngazi.

"Haishiki, Bwana," akasema.

"Nini haishiki?"

"Breki ya mkono. Haikushika hata na mchanga. Nilikuwa nakanyaga." Alisema hayo kwa buti lake, si kwa mtu. Kisha akamwambia Tusajigwe, na ilibidi amtazame ili amwambie, "Shuka, mwanangu. Shuka na mtoto. Tafadhali shuka."

Msianze kumsifu. Nawajua, mtasema alitubu. Alitubu nini? Aliwekwa mbele ya mlango mmoja tu akaupita, hata mbuzi hufanya hivyo. Wangapi walipanda magari aliyosema yanafaa kabla ya siku ile? Hilo sikumsikia akilisema, wala Bwana Meneja hakuliuliza.

Jumatatu utepe haukukatwa. Basi lilikaa gereji likingoja vyuma kutoka Dar es Salaam. Mkuu wa Wilaya akaambiwa barabara imeharibiwa na mvua, na haikuwa imenyesha. Koti la vifungo vya shaba alivaa mwingine. Sedekia akapewa rungu na blanketi, akawa mlinzi wa lango la gereji ile ile, na mafundi aliowasimulia Bama miaka yote wakawa wanampita bila salamu. Niliendelea kumpakulia ugali. Hakuutoa kasoro tena.

Tusajigwe aliponzwa. Wazee wa ukoo walikaa kikao, wakasema amevunja nyumba, mwanamke gani anamwita mkwewe hadharani amtazame. Walitaka arudishwe kwao. Kabla hawajamaliza kusema, Ikupa, mkewe Sedekia, ambaye sijapata kumsikia akisema neno refu kuliko "karibu", aliingia ndani, akafunga nguo za mkamwana wake kwenye kanga, akatoka akauweka mzigo katikati ya kikao. "Anakwenda kwa mumewe," akasema. Wazee hao walikuwa wepesi wa kukasirika na wepesi zaidi wa kwenda kunywa, wakatawanyika.

Nilikwenda naye mwenyewe, kwa lori la mabenchi. Tulimfunika mtoto kwa kitambaa kibichi toka Chimala mpaka Makambako. Iringa, Abrahamu alimpokea mwanawe kwa mikono yenye vumbi la mbao, na mtoto, aliyekuwa akimwita baba kila mpita njia, alimwangalia yule mmoja akalia kwa hofu. Tulicheka sana.

Miaka ilipita miwili mitatu. Nilikuwa Iringa kumzika mama yangu, nikapita kwa Tusajigwe kumshukuru kwa kunisaidia msibani. Sedekia alikuwa amekuja kuwatembelea. Sikumwona nyumbani, waliniambia analala kwa jirani, kama mila inavyotaka. Jioni nikamsindikiza Tusajigwe kisimani. Tunarudi, ndoo kichwani, njia nyembamba ya kupita mmoja mmoja, nikamwona mzee anakuja. Amekonda. Buti ni zile zile, zimeshonwa kwa kamba.

Tusajigwe alipomwona akaanza kugeuka aingie majanini, kama anavyotakiwa mwanamke. Lakini yule mzee alimwahi. Alitoka yeye njiani. Aliingia kwenye majani marefu na miiba na umande wake, akavua kofia, akageuza uso kuelekea mlimani, akasimama hapo na mgongo wake kwetu, anangoja mkamwana wake apite kwanza.

Sikuweza kujizuia. Nilimwita, "Bwana Sedekia! Na kule Bama wazee nao wanasimama majanini?"

Hakugeuka. Tusajigwe ndiye aliyesimama. Alishika ndoo kwa mkono mmoja, akanitazama kwa macho ambayo hajapata kunitazama nayo kabla wala baada ya siku ile.

"Mama Yohane," akaniambia, "mwache baba yangu."

Nikamwacha.